Msimu wa Mvua Bila Shikamoo

Jumanne, 4 Machi

Mvua na matokeo vimeingia kwa mlango mmoja. Nilikuwa uani naanua shuka za zahanati, maana mimi ndiye dobi wao, tone la kwanza likaniangukia puani. Kugeuka, namwona mjukuu wangu kasimama mlangoni na simu mkononi, uso umemshuka kama mkate uliokosa hamira.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umefeli?"

"Nimefeli."

"Basi shika ncha ya hii shuka tukunje. Tutalia ndani, hapa tunalowa."

Tukaingia, tukalia kidogo, tukanywa chai. Mtihani wenyewe ni wa kuchagua watu wa kufunzwa kuongoza ndege. Si kuziendesha, la. Ni wale wanaokaa juu kwenye mnara, hedifoni masikioni, wanamwambia huyu panda, yule subiri, wewe teremka, zisije zikagongana. Kazi hiyo anaitaka tangu ana meno ya utoto. Na sheria yao haina huruma: unafanya mara mbili tu maishani mwako. Moja imekwenda na mvua ya leo. Imebaki ya Mei.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Shuka hazikauki. Mke mwenzangu hali chakula.

(Mjukuu wangu namwita mke mwenzangu kwa sababu marehemu babu yake alimposa akiwa na wiki moja, akamwita mke mdogo. Bwana ametutoka, sisi wajane wake wawili tumebaki kugombania mto wa kulalia.)

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimetaka nielezwe. Mimi shule sikwenda. Wenzangu walipopelekwa darasani, mimi nilipelekwa kisimani. Herufi nilifundishwa na huyuhuyu mjukuu wangu alipokuwa darasa la pili. Alitaka kucheza mwalimu, akakosa mwanafunzi, akanikamata jikoni. Kila nilipogeuza herufi alinichapa kwa njiti ya ufagio. Kwa hiyo mwalimu wangu akifeli nami nimefeli, na nina haki ya kujua tumefelije.

"Sehemu ni tano," akasema. "Kila sehemu alama zako wanazigeuza kuwa ngazi, kuanzia moja mpaka tisa. Tano ndiyo katikati. Wanaangalia waliokwisha kufanya mtihani huohuo, wanaona wewe umesimama wapi kati yao. Ukitaka kupita, kila sehemu iwe tano au zaidi."

"Wewe je?"

"Hesabu za haraka, nane. Kukumbuka, saba. Ramani na pembe, nane. Kuongoza ndege za kwenye kompyuta, saba."

"Nawe unalia? Na ya mwisho?"

"Kusikiliza na kutoa amri kwa sauti." Akaangalia kikombe. "Tatu."

"Basi chomoa mbili kwenye nane, bandika kwenye tatu. Kwisha kazi."

"Hazibandikwi, Bibi. Kila sehemu inasimama kwa miguu yake."

Nilikasirika. Mchuzi ukiwa mtamu, nani anauliza wali umeivaje? Mwanangu, baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, akasema bila kuinua kichwa kwenye sahani: "Mama, ndege yenye mabawa mazuri na gurudumu bovu, utaipanda?"

Nikamwambia anyamaze, hakuulizwa. Alisema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniudhi. Tena najua anachokitaka: rafiki yake ana duka la nondo, anatafuta msichana wa kukaa kaunta. Baba mtu keshamkaisha mtoto pale kichwani mwake.

Jumamosi, 8 Machi

Nimegundua ugonjwa.

Walimwandikia chini ya zile alama: majibu mengi ni sahihi, lakini yamechelewa. Nikamwambia, hebu nionyeshe ulivyosema. Nikaweka sufuria kichwani iwe hedifoni. "Mimi ni rubani. Niko juu, nataka kutua, na mbele yangu kuna mwenzangu. Niambie."

Akakaa sawa, akavuta pumzi. "Habari za saa hizi, rubani. Samahani sana kwa usumbufu. Naomba tafadhali, kama hutojali, usubiri kidogo..."

Baba yake alicheka mpaka akakohoa. "Huyo keshatua kwenye paa la mtu!"

Akanieleza wanavyohesabu hapo. Amri sahihi ndani ya muda, alama kamili. Amri sahihi iliyochelewa, nusu. Ukinyamaza, hupati kitu. Ukitoa amri mbovu, wanakata katika zile ulizokwisha pata.

"Kumbe kunyamaza ni afadhali kuliko kuropoka," nikasema. "Redio angetoka chini ya sifuri."

Redio ni jirani yetu wa ng'ambo ya uzio. Hana kitufe cha kuzimia.

Nikakaa nikafikiri. Hizo samahani na tafadhali nani kamtia? Mimi. Nimemlea asipite mbele ya mtu bila salamu, asiombe hata chumvi bila kuinama. Wala sijutii, mtoto asiye na adabu ni mzigo kwa dunia. Lakini ndege haiamkiwi. Niliyefunga fundo ni mimi, nitalifungua mimi.

Nikatangaza sheria mbele ya baba yake. Kuanzia kesho mpaka siku ya mtihani, katika nyumba hii mtoto huyu hamwamkii mtu. Hakuna shikamoo, hakuna samahani, hakuna naomba. Akitaka kitu aamrishe, kwa maneno machache. Na anayeamrishwa arudie alichosikia, maana ameniambia marubani ndivyo wafanyavyo, ili ijulikane wamesikia sawasawa.

"Bibi! Siwezi kukuamrisha wewe!"

"Umeshindwa kuniamrisha mimi mwenye magoti mabovu, utaliweza lidege la chuma?"

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi kaja jikoni, kafungua mdomo: "Shi..." Nikainua mwiko. Akaimeza.

"Bibi. Chai."

"Nimesikia, chai."

Nikamimina. Machozi yalimlengalenga, nikamwambia sukari iko palepale. Lakini niandike ukweli: nami nilikuwa nimeshaiandaa marahaba yangu, ikabaki imesimama mdomoni kama mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. "Bibi. Ndoo." Nimesikia, ndoo.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ilipopumzika tumefungua uwanja wa ndege uani. Kamba zangu za kuanikia ni tatu, ya juu, ya kati na ya chini. Vibanio vya nguo ndiyo ndege, vyekundu, vya kijani na vya njano. Sheria: vibanio viwili visikaribiane kwenye kamba moja chini ya urefu wa mkono, kiwiko mpaka vidole. Mimi ndiye marubani wote.

"Nyekundu, panda kamba ya juu."

"Nimesikia, nyekundu napanda kamba ya juu."

"Kijani, subiri. Njano, tafadha..."

"Nimegonga!" Navitupa vyote chini kwenye tope. Ndiyo adhabu yake, kila tafadhali moja inaua abiria wote. Leo tumeua umati. Tumecheka mpaka nimekaa kwenye beseni, na beseni lilikuwa na maji.

Jumatano, 19 Machi

Nesi mkuu wa zahanati amekuja mwenyewe kuuliza shuka zake, maana kwa mvua hii nimechelewa. Mke mwenzangu ndiye aliyefungua mlango.

"Ingia. Viatu nje. Kaa. Subiri."

Nesi katumbua macho. Mama wa watu, hata wagonjwa mahututi wanamwamkia! Nikapiga kelele kutoka uani: "Rudia, mwanangu! Rudia ulichosikia, usije ukagonga!"

Nikasikia sauti nyembamba ya nesi: "Nimesikia... viatu nje... nakaa... nasubiri."

Nilipomweleza alicheka mpaka kofia ikamtoka. Shuka hakuzipata, lakini hakununa. Akasema na wauguzi wake wangepata mtihani wa namna hiyo, wodini mambo yangekwenda.

Jumatatu, 24 Machi

Pilipili amekuja getini. Ni binti wa Redio, rika moja na wangu, ulimi kama jina lake. Naye alifanya mtihani uleule, naye alianguka, naye amebakiwa na mara moja. Aliuliza kama wanaweza kujisomea pamoja.

Nikamwambia mwenzako kalala. Hakuwa amelala, alikuwa chumbani anajiamrisha mbele ya kioo.

Si uchoyo. Nilisikia kwa masikio yangu: wanaangalia wewe umesimama wapi kati ya wenzako. Basi mwenzako akipanda, wewe unashuka. Yule Pilipili ana mdomo wa kuamrisha jeshi. Nimkaribishe ndani aje anyanyuke mabegani mwa mjukuu wangu? Sina wazimu huo.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Shuka zimeanza kunuka uvundo. Redio ana baraza pana lenye paa, kavu kabisa, kamba ingepita vizuri. Siombi.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nimepigwa darasa, tena la njiti ya ufagio.

Asubuhi Redio alikuwa anafagia upande wake, na anapofagia hufagia na midomo. "Wengine," akasema kuuambia uzio, "wanafungia wajukuu wao ndani kama kuku wa mayai! Eti kalala! Saa nne asubuhi kalala, na sauti tunaisikia inaamrisha ndege!"

Mke mwenzangu akatoka na mswaki mdomoni. "Bibi. Eleza."

Nikaeleza. Sikuona haya, nilikuwa na hoja yangu. Nikamwambia: mtihani wenu ni wa kulinganishwa, ngazi ni tisa, watu ni wengi. Kila atakayepanda anamkanyaga mwingine. Mimi nakulinda usikanyagwe na wa jirani.

Hakubisha. Akasuuza mdomo, akanishika mkono, akanipeleka kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Pale pana michoro ya penseli. Niliwapimia wanangu wote urefu pale, kila mwaka, na yeye pia nimempimia hapohapo. Michoro ya baba yake imefifia lakini inaonekana.

"Hii ni ya nani?"

"Ya baba yako, akiwa na miaka kumi."

"Na hii?"

"Yako, miaka kumi. Ulimzidi kidole. Ulikuwa mrefu kama njiti."

"Nilipomzidi, Baba alifupika?"

Nikatazama ule mchoro. "Afupikeje? Alishapimwa zamani."

"Basi ndivyo ilivyo, Bibi. Kuna watu wengi mno waliofanya mtihani huu miaka ya nyuma. Alama zao zimekaa pale kama hii michoro, hazisogei. Mimi nikifanya, nasimamishwa penye mwimo ule. Pilipili akifanya, anasimamishwa palepale. Tunapimwa na waliotangulia, hatupimani sisi kwa sisi. Akirefuka yeye, mimi sifupiki. Tunaweza kupita wote wawili. Na tunaweza kuanguka wote wawili, hasa tukifungiwa ndani."

"Na nafasi je? Si zimehesabiwa?"

"Waliopita mwaka jana hawakutosha hata kujaza nafasi. Wanatafuta watu, Bibi. Hawawapati."

Mwanangu alikuwa anafunga kamba za viatu. Akasema, "Hesabu yako, Mama, ni ya foleni ya maji. Kule si foleni."

"Na wewe nani kakuuliza?" Lakini safari hii sikukasirika. Nilikuwa natazama ule mwimo. Wanangu wote wamesimama pale, mmoja mmoja, kisogo ukutani, visigino chini, na sikumbuki hata siku moja mmoja wao kumwambia mwenzake usirefuke.

Unajua Pilipili alipata ngapi katika kutoa amri? Nane. Na alianguka kwa nini? Hesabu za haraka, nne. Pungufu ya ngazi moja tu. Mmoja ana ulimi hana hesabu, mwingine ana hesabu hana ulimi, na mimi nimewawekea geti katikati.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "niamrishe."

"Bibi. Nenda kwa jirani."

"Nimesikia. Naenda kwa jirani."

Nikaenda na mvua yake. Redio alinifungulia, akanitazama nilivyolowa, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akakosa la kusema. Nikaona niitumie nafasi kabla haijapita.

"Nilidanganya. Mtoto hakuwa amelala. Nilidhani binti yako atatuibia ngazi, kumbe ngazi haziibiki. Mlete. Na kama una roho, nipe baraza nianike shuka za wagonjwa."

"Karibu ndani, unalowa," akasema. Kisha akawaka, na hakuzimika mpaka jioni. Baraza nimepewa. Masikio yangu ndiyo yaliyolipia.

Jumapili, 6 Aprili

Pilipili ameshakuwa wa nyumbani, yaani anafungua sufuria bila kuuliza. Amri zake! "Bibi, kiti." Sijamaliza kusema nimesikia, kiti kimeshahama. Mke mwenzangu anamtazama mdomo kama anavyotazama mtu anayeruka kamba, anavizia aingie wapi. Kisha wanabadilishana, wangu anamrushia hesabu, kumi na saba mara sita, toa tisa, na Pilipili anarukaruka kama anakanyaga makaa.

"Mia moja na... Bibi, ananionea!"

"Mimi ni rubani. Sijui kuzidisha."

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Shuka zimekauka barazani. Redio hajanyamaza. Kumbe alimlea Pilipili peke yake, akishona sare za shule. Ndiyo maana anaongea, alizoea kuongea na cherehani, haijibu.

Jumatano, 16 Aprili

Siku mbaya. Wamejaribisha sehemu ya amri kwa saa ya simu, wangu akapata nusu, nusu, nusu. Ulimi unajua, lakini unasita mlangoni. Akatupa vibanio akasema hawezi, ataenda dukani kuuza nondo, Baba afurahi.

Nikamgeukia mwanangu niliyemzaa kwa uchungu. "Umesikia? Furahi basi!"

Hakufurahi. Aliweka kijiko chini. "Mama, mimi nikikosea, geti linapinda. Nakata, nachomelea upya, mteja anatukana, yanaisha. Yeye akikosea? Ataishi vipi na kosa hilo, mtoto ambaye akimkanyaga paka anamwomba radhi?"

Miaka yote hii nadhani mwanangu anamdharau binti yake, kumbe anamwogopea. 

Mtoto ndiye aliyejibu. "Ndiyo maana wanapima hivi, Baba. Amri mbovu inakukata, kimya hakikukati. Wanataka mtu ambaye asipojua, hasemi. Na hawaachi nane ifunike tatu, kwa sababu hiyohiyo unayoiogopa. Wakinipitisha, ujue wameogopa kwa niaba yako kwanza."

Baba mtu akasukuma sahani kando. Kisha akasema, "Okota vibanio."

"Nimesikia," akasema binti yake, "naokota vibanio."

Jumamosi, 19 Aprili

Mwanangu ameleta kitu kutoka karakana: fremu ya chuma, nondo tatu za kulala, ya juu, ya kati, ya chini, miguu imepigwa msasa isikwaruze sakafu. Kiwanja cha ndani, mvua inyeshe isinyeshe. Hakusema neno. Ameipaka rangi ya buluu. Aliulizwa na nani? Hakuulizwa, na leo namshukuru kwa hilo.

Jumanne, 22 Aprili

"Bibi. Chumvi." Nimesikia, chumvi.

Nimekaa kitako kusikiliza watoto wa njiani wakimwamkia Redio asubuhi. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimefunga dirisha.

Jumamosi, 3 Mei

Haya, sikilizeni.

Jua lilitoka asubuhi, jua la uongo. Nikasema nitumie siku: shuka zote za zahanati, za wiki nzima, nikazianika kwangu kamba tatu, na barazani kwa Redio zilizozidi, hata juu ya uzio. Nyeupe tupu. Adhuhuri upepo ukageuka, mbingu ikawa nyeusi kama chini ya sufuria. Tukatoka wote mbio, mimi, mwanangu, Redio, Pilipili, kila mtu anakimbilia shuka iliyo karibu naye. Mwanangu kanikanyaga. Redio kavuta upande mmoja wa shuka, mimi wa pili, pande zote mbili zikaelekea topeni.

Nikasikia sauti. Sikuijua.

"Simameni."

Tukasimama. Mke mwenzangu yuko juu ya ngazi ya mlango wa jikoni, mikono haitikisiki, macho yanakwenda kamba hadi kamba.

"Baba, kamba ya juu, anzia kulia. Bibi, ya chini, anzia kushoto. Jirani, mlangoni, pokea."

"Mimi?" akasema Redio.

"Mlangoni. Pokea."

"Nimesikia," akasema Redio, "napokea!"

"Pilipili, uzio. Baba, subiri, Bibi apite. Bibi, pita. Baba, endelea. Ya kati wote wawili, Baba kulia, Bibi kushoto, msikutane."

Hatukukutana. Hakuna aliyegongana na mtu. Kila shuka ilipotoka kwenye kamba ilikuta mikono ya Redio inasubiri. Mvua ilipomwagika, tulikuwa jikoni, tumerundika mlima mweupe mezani, tunahema kama mbuzi. Shuka moja tu ililowa ncha.

Redio akajifuta uso. "Yaani mtoto mdogo kaniamrisha mbele ya watu," akasema. "Na mimi nikatii! Nimekaa kimya mlangoni!"

"Andikeni tarehe," akasema Pilipili.

Tulicheka wote isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuwa anatazama mikono yake. "Bibi," akasema polepole, "sikusema tafadhali hata moja."

"Hata moja," nikamwambia. "Na hakuna aliyeumia, wala aliyekuchukia."

Jumatatu, 12 Mei

Kesho. Nimepiga pasi mashati yao mawili, la wangu na la Pilipili. Sawasawa, nisije nikaambiwa nimependelea.

Jumanne, 13 Mei

Wametoka asubuhi wamekanyaga madimbwi. Getini nikamshika mabega.

"Mke mwenzangu. Nenda."

"Nimesikia, Bibi. Naenda."

Nimefua mpaka vitambaa visivyo vichafu. Redio amekuja kukaa nami, akaongea, na leo nilimshukuru Mungu kwa kila neno lake.

Wamerudi jioni. Pilipili kasema hesabu zilikuwa za kishetani lakini alizishika mkia. Wangu kasema hajui. "Mara mbili nilinyamaza, Bibi. Sikuwa na hakika."

"Umefanya vizuri. Haya, mtihani umekwisha, sheria imekwisha. Niamkie sasa."

Akanitazama kwa ule utundu wa babu yake. "Bado. Nimekuwekea zote tangu Machi. Matokeo yakitoka nitakupa kwa mpigo. Nikianguka, zitakufariji. Nikipita, utazipokea ukicheka."

Mtoto mjeuri. Nimemharibu mwenyewe.

Jumatano, 21 Mei

Mvua nyepesi. Kimya.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Kimya. Mwanangu ameichomoa fremu ya buluu jikoni, akaifuta vumbi, akairudisha palepale.

Alhamisi, 29 Mei

Mbingu imesafishika kama imepigwa sabuni. Nilikuwa uani, shuka ya mwisho mikononi, vibanio viwili mdomoni. Geti likalia. Akaingia yeye mbele, Pilipili nyuma ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na Redio anachungulia juu ya uzio, kimya, jambo lililonitisha kuliko yote.

"Bibi. Weka shuka chini."

Nikatema vibanio. "Nimesikia, naweka shuka chini."

"Kaa."

"Nimesikia, nakaa." Nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

"Sikiliza. Hesabu, nane. Kukumbuka, saba. Ramani, nane. Ndege za kwenye kompyuta, nane." Akaangalia simu. "Amri kwa sauti..."

"Sema, mtoto! Unachelewa!"

"Tano."

Tano! Ukingoni kabisa, kisigino ndani, kidole ndani, kwisha. Hakuna aliyeiazima wala aliyeibandika, imesimama kwa miguu yake. Pilipili akapiga kelele kwamba hesabu zake ni sita, wamepita wote wawili. Redio akawaka tena, sauti juu kabisa. Mwanangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango wa jikoni kama mwizi, akatoka akamnyanyua binti yake juu kama alivyokuwa akimnyanyua zamani, na nikamwona akiutafuta mwimo wa mlango kwa macho, kama anataka kuchora upya.

Yeye akateremka. Akaja mbele yangu, akapiga magoti kwenye ardhi ya uani iliyokauka, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mikono yangu yenye mapovu.

"Shikamoo, Bibi."

Mimi mwanamke nisiyekosa la kusema, rubani niliyerudia kila neno msimu mzima, nikafungua mdomo hapakutoka kitu. Ile marahaba iliyosimama mlangoni tangu Machi, leo mlango umefunguliwa, haijui hata ipitie wapi. Nililia kwanza. Nikajifuta kwa shuka ya zahanati, nitaifua tena. Ndipo ikatoka.

"Marahaba, mke mwenzangu. Marahaba."

Akainua uso umelowa machozi na anacheka.

"Sahihi," akasema, "lakini umechelewa, Bibi. Nusu."

Nimeipokea nusu yangu.